Kibanja, Nyarubanja na Urithi wa Unyonge: Tafakari ya Kihistoria kutoka Izigo

Katika mahubiri yetu juu ya umaskini tumezoea kutazama jasho la mtu: amelima au hakulima, ameweka akiba au amekunywa pombe. Katika makala hii tunakusudia kutazama jambo jingine, ambalo wachunguzi wa tofauti za rangi wamelisisitiza sana, nalo ni mali ambayo mtu anaikuta nyumbani siku anayozaliwa. Huko Marekani, sheria ya mwaka 1862 ilifungua njia ya kugawa ekari 160 kwa kila familia iliyokuwa tayari kulima, na sehemu kubwa mno ya ardhi hiyo iliangukia mikononi mwa wazungu. Weusi waliotoka utumwani mwaka 1865 nao waligawiwa mashamba katika pwani ya South Carolina na Georgia, lakini kabla mwaka haujaisha Rais Andrew Johnson aliyarudisha kwa mabwana wao wa zamani. Afrika Kusini, sheria ya ardhi ya mwaka 1913 iliwatengea Waafrika, ambao ndio wengi, takriban asilimia 7 tu ya nchi. Sheria hizo zimekwisha kufutwa au kupitwa na wakati. Lakini shamba alilopata babu likawa nyumba ya baba, na nyumba ya baba ikawa karo ya mwana. Kule ambako babu alinyimwa, mwana naye ameanza bila kitu. Hivyo ubaguzi unaweza kukoma katika sheria na kuendelea katika wosia.

Msomaji atauliza, na ni haki yake kuuliza, mambo haya yanatuhusu nini sisi tunaohudumu katika sharika za Kagera. Ukisimama Izigo, kaskazini mwa Wilaya ya Muleba, huoni mpaka wa rangi. Unaona migomba na mibuni iliyofunika nyumba, na nje ya vijiji unaona rweya, yaani mbuga ya nyasi isiyo na mazao mengi. Watu ni wa lugha moja na ngozi moja. Hata hivyo tunathubutu kusema kwamba Uhaya ni mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili, kwa sababu hapa tunaweza kuuona urithi ukifanya kazi yake bila kusaidiwa na rangi, na tena tunaweza kuona jinsi watu walivyoanza kuiita kazi hiyo ya urithi kwa jina la asili, karibu sawa na rangi.

Hatuna budi kuanza na udongo wenyewe. Mgeni akiona kibanja kilichostawi pembeni mwa rweya kame hudhani kwamba wazee walichagua mahali penye rutuba. Kwa sehemu kubwa mambo yalikuwa kinyume chake, kwani rutuba hiyo ililetwa. Udongo wa rweya ni dhaifu, umeoshwa na mvua nyingi zitokazo ziwani. Kibanja kimetengenezwa kwa samadi ya ng'ombe na kwa majani yaliyokatwa rweyani na kutandazwa chini ya migomba, mwaka baada ya mwaka, na baba, na babu, na baba wa babu. Kwa maana hiyo mtu anayerithi kibanja hapewi eneo tu, bali anapewa kazi ya watu waliokwisha kufa, ikiwa imehifadhiwa ndani ya ardhi. Naye asiyerithi, hata akipewa rweya pana, hana cha kuanzia isipokuwa awe na ng'ombe. Na ng'ombe hawakuwa wa wote. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua mifugo mingi mno katika nchi zote za Maziwa Makuu, na baada yake samadi ikawa mali ya wachache zaidi. Jembe lilikuwa moja kwa tajiri na kwa maskini, lakini ardhi lililoangukia haikuwa moja.

Juu ya msingi huo ilijengwa nyarubanja. Katika nchi za Bakama, Mukama alikuwa na uwezo wa kumpa ndugu yake, au mkuu wake, au mtu aliyempendeza barazani, eneo zima lenye vibanja vya watu ndani yake. Aliyepewa aliitwa mtwazi, na waliokuwamo wakawa batwarwa wake. Tuone vema jambo lenyewe lilivyokuwa. Mtu angeweza kulala akiwa mwenye kibanja alichoachiwa na baba yake, akaamka akiwa mpangaji juu ya kibanja hicho hicho, bila kuhama hata hatua moja. Tangu siku hiyo alipaswa kutoa sehemu ya mazao na pombe, na siku za kazi katika shamba la mtwazi. Naye mtwazi alipokufa, nyarubanja haikurudi kwa waliokuwa wakiilima bali iliendelea kwa mrithi wake. Basi urithi wawili ulishuka pamoja katika udongo mmoja: mwana wa mtwazi alirithi haki ya kupokea, na mwana wa mtwarwa alirithi wajibu wa kutoa.

Walionufaika zaidi walikuwa Wahinda, ukoo unaojihesabu kuwa uzao wa Ruhinda na uliotawala sehemu kubwa ya Uhaya (isipokuwa Kiziba, ambako watawala walikuwa Babito). Karibu nao walikuwa koo za banfura, zilizoheshimiwa kwa utumishi wa ikulu. Chini yao walikuwa bairu, yaani watu wa kawaida, jina ambalo katika vinywa vya wengi lilikaribia maana ya mtumishi. Je, walitofautiana kwa asili? Mwingereza Speke, aliyekaa Karagwe kwa Rumanyika kuanzia Novemba 1861 hadi Januari 1862, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1863 kwamba watawala wa nchi hizi ni kabila la washindi waliotoka kaskazini, upande wa Ethiopia, tena walio bora kuliko wakulima waliowakuta. Nadharia hiyo, ambayo baadaye iliambatanishwa na jina la Hamu mwana wa Nuhu, ilisomwa na maofisa na wamisionari wengi. Nasi wanateolojia tunapaswa kuona aibu kidogo kwamba Mwanzo sura ya 9 na ya 10 ziliazimwa kwa kazi ya namna hiyo. Mgeni aliona mtu mrefu, aliyeshiba maziwa, akiamuru; na mwingine mfupi, aliyechoka, akibeba mzigo. Akahitimisha kwamba damu zao ni mbili. Hakuuliza ni nani aliyekuwa na ng'ombe, wala ni nani aliyeyabeba mazao ya mwenzake kwa vizazi vingapi.

Utawala wa Kijerumani, ambao kituo chake cha Bukoba kilianzishwa na Emin Pasha mwaka 1890, haukuondoa mpango huu bali uliutia nguvu. Wajerumani waliwatawala watu kupitia Bakama, na Mukama aliyekuwa rafiki yao, kama Kahigi wa Kianja, alipata nguvu ambazo baba zake hawakuwa nazo. Zamani Mukama mkali kupita kiasi aliweza kukimbiwa na watu wake au kupinduliwa na ndugu zake. Sasa nyuma yake palikuwa na askari. Kisha ikaja biashara ya kahawa. Buni ilijulikana Uhaya tangu kale, ikitafunwa na kupewa mgeni kwa heshima, lakini mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa fedha. Kibanja kilichokuwa kikitoa ndizi za kula sasa kilitoa shilingi, na haki ya kudai sehemu ya kibanja cha mwingine ikawa haki ya kudai shilingi. Nyarubanja zikaongezeka katika miaka hiyo hiyo. Waingereza walipokuja walizuia kuanzishwa kwa nyarubanja mpya, ila waliziacha zile zilizokwisha kuwapo, wakaziita mila. Kwa mtazamo wetu hapa ndipo palipofanyika kosa kubwa zaidi, kwa sababu kitu kilichopanuliwa juzi kwa msaada wa bunduki kiliandikwa katika vitabu kana kwamba kimekuwapo tangu Ruhinda.

Lakini mjini Bukoba rangi ilikuwapo, na haifai tuipite. Ununuzi wa kahawa na maduka ya barabara kuu yalikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa Wahindi na Waarabu, wengi wao wakiwa ni watu waliofika na mizigo michache na kuanza kwa dhiki. Waliongezeka mali kwa bidii, jambo ambalo hatulikanushi. Ila bidii yao ilikuwa na mlango ambao Mwafrika alifungiwa. Tangu miaka ya 1920 ilikuwapo sheria iliyozuia Mwafrika kukopeshwa: asiye Mwafrika aliyempa Mwafrika bidhaa au fedha kwa mkopo bila idhini hakuweza kudai deni lake mahakamani. Serikali ilisema inamlinda mwenyeji asinyonywe. Matokeo yake ni kwamba mwenye duka wa Kihindi alipata mali kwa mkopo kutoka kwa mjomba wake wa Mwanza au Mombasa, na Mhaya mwenye mibuni elfu hakuweza kuiweka rehani ili afungue duka kando yake. Kadhalika, chini ya sheria ya ardhi ya mwaka 1923 kibanja hakikuwa na hati. Kilikuwa mali ya kurithi isiyoweza kuzaa mtaji. Basi katika wilaya moja kulikuwa na ngazi mbili za urithi, moja ya Wahinda na moja ya Wahindi (lugha yenyewe yaonekana kucheka), na bairu wengi wakawa chini ya zote mbili. Kuanzishwa kwa chama kikuu cha ushirika wa kahawa mwaka 1950 kulivunja sehemu ya ngazi ile ya pili. Ile ya kwanza haikuguswa na ushirika.

Aidha iko ngazi ya tatu, ambayo sisi watu wa Kanisa tunaifahamu kwa karibu zaidi, yaani shule. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925, ilikusudiwa hasa kwa wana wa watawala. Shule za misheni zilikuwa wazi zaidi, na hilo ni sifa yao. Lakini hata hizo zilidai karo, na karo ilitoka katika mibuni. Mtoto wa kibanja kikubwa alisoma hadi mwisho. Mtoto wa kibanja kidogo aliitwa nyumbani wakati wa mavuno. Kwa njia hiyo ardhi ilibadilika ikawa cheti, na cheti kikawa cheo. Mali ya namna hii haipokonyeki tena kwa sheria yoyote ya ardhi, maana imeingia kichwani.

Uhuru ulileta mabadiliko makubwa kwa muda mfupi. Mwaka 1963 utawala wa kichifu ulifutwa. Mwaka 1965 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakomboa wapangaji wa nyarubanja, na mwaka 1968 ikafuata nyingine iliyogusa upangaji wa ardhi wa kimila kwa upana zaidi. Kodi na utumishi kwa mtwazi vikakoma, na mtwarwa akawa mwenye kibanja chake. Kisha mwaka 1971, miaka minne baada ya Azimio la Arusha, ikaja sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000. Kwa maneno yake sheria hii haikutaja rangi. Kwa matokeo yake iliwagusa hasa Wahindi, na kwa kuwa jengo lililozidi umri wa miaka kumi halikulipiwa fidia, ilikata hasa kile kilichojengwa na baba kwa ajili ya mwana. Wengi waliondoka. Twaweza kusema kwamba katika miaka sita Serikali ilikata ngazi zote mbili. Tofauti ni kwamba mtwazi alinyang'anywa haki juu ya kazi ya wengine akabaki na kibanja chake mwenyewe, na mwenye nyumba alinyang'anywa jengo ambalo mara nyingi familia yake ilikuwa imelijenga kwa fedha yake. Kuyaweka mambo hayo mawili katika kapu moja, kama siasa ya wakati ule ilivyofanya, ni kukosa kupambanua.

Je, ukombozi wa mwaka 1965 ulisawazisha watu? Ulisimamisha utoaji wa kodi. Haukurudisha kilichokwisha kutolewa. Samadi iliyokuwa imewekwa katika kibanja cha mtwazi kwa siku za kazi za batwarwa ilibaki humo. Cheti cha Tabora kilibaki ukutani. Hata hivyo tusidharau kilichopatikana, na hapa inatupasa kutazama ng'ambo ya mto Kagera. Nchini Rwanda pia kulikuwa na mabwana wa ng'ombe na ardhi na wakulima waliowatumikia, na pia nadharia ya Speke ilipata wafuasi. Lakini huko utawala wa Kibelgiji katika miaka ya 1930 uliandika kabila la kila mtu katika kitambulisho, na kile kilichokuwa kwa sehemu kubwa daraja la mali na cheo kikafanywa kuwa damu, kikarithishwa kwa karatasi kutoka kwa baba hadi mtoto. Mwishoni mwa Aprili 1994 takriban watu robo milioni walivuka kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Sharika zetu ziliwapokea, na wengine kati yetu wangali wanakumbuka moshi wa kambi ya Benaco. Hatusemi kwamba Uhaya uliokolewa na sheria moja ya Bunge. Twasema kwamba hapa tofauti iliachwa iwe ya ardhi, na ya ardhi ikaweza kufutwa kwa sheria ya ardhi. Leo kijana wa Izigo anaweza kutaja ukoo wake wa Kihinda kwa fahari, na jirani yake akacheka, na jambo likaishia hapo.

Liko hata hivyo kundi moja ambalo sheria ya mwaka 1965 haikulifikia, nalo halikuwa kabila wala ukoo. Ni mabinti. Katika mila ya urithi ya Kihaya, mrithi mkuu, musika, ambaye kwa kawaida ni mwana wa kwanza, hupata sehemu kubwa, nao mainuka na kyagati hufuata. Binti aliweza kutumia ardhi ya ukoo, lakini kuiuza hakuruhusiwa. Serikali huru, katika tangazo la sheria za mila la mwaka 1963, ilithibitisha kanuni za namna hiyo kwa maandishi. Kwa hiyo miaka ile ile nchi ilipomwambia mtwarwa kwamba kuzaliwa kwake hakumfungi, ilimwambia binti yake kwamba kuzaliwa kwake kunamfunga. Tangu miaka ya 1930 wanawake wengi wa Kihaya walijitafutia maisha Kampala, Nairobi na Mombasa, mara nyingi kwa njia ambayo mimbari zetu ziliikemea kwa ukali, na walirudi na fedha wakanunua vibanja. Kibanja cha kununua kilikuwa chao kabisa. Tulikemea njia yao; ni wachache mno kati yetu walioona kwamba mwanamke aliyekwenda mbali hivyo kutafuta kibanja alikuwa ameondoka katika kibanja cha baba yake.

Mwaka 1988 mwanamke mmoja wa Wilaya ya Muleba, Holaria Pastory, aliuza kwa shilingi 300,000 ardhi ya ukoo ambayo baba yake alimwachia kwa wosia halali. Alikuwa amezeeka na hakuwa na wa kumtunza. Mwana wa ndugu yake alishtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha ili mauzo yabatilishwe, akashinda. Mahakama ya Wilaya ilitengua hukumu hiyo, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba kumnyima mwanamke uwezo ambao mwanamume anao ni kinyume cha Katiba. Hakulidharau dai la ukoo: mtu wa ukoo, ndiyo kusema mpwa yule, aliruhusiwa kuikomboa ardhi kwa kurudisha bei iliyolipwa. Hukumu hii inafundishwa katika vyuo vya sheria vya Afrika na mbali zaidi. Tunadhani inastahili kusomwa katika vyuo vya theolojia pia, sambamba na Hesabu sura ya 27 na ya 36. Binti watano wa Selofehadi wanadai urithi wa baba yao mbele ya Musa, na wanapewa. Kisha wazee wa ukoo wanakuja na hofu yao kwamba ardhi itahama, na binti hao wanaagizwa kuolewa ndani ya kabila la baba yao. Wahubiri wetu husoma sura ya kwanza wakiisifu na kuiacha ya pili. Lakini ile ya pili ndiyo inayosikika katika vikao vya ukoo Izigo, na asiyeijibu hiyo hajajibu lolote.

Hofu ya wazee hao si ya kubeza. Kibanja kina makaburi. Askofu Josiah Kibira, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya Kanisa, ukoo na ulimwengu, alisisitiza kwamba Injili haikukuta watu mmoja mmoja bali ilikuta koo. Ila ukoo huo huo ulionekana kwa sura nyingine baada ya mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa mkoani Kagera. Matanga yalifuatana, na wajane waliondolewa vibanjani kabla majani ya kaburi hayajakauka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilibatilisha mila yoyote inayowanyima wanawake ardhi. Tangazo la mwaka 1963 halikufutwa kwa sababu hiyo, na katika baraza la ukoo kila upande hutaja ile inayoufaa.

Tunaliandika hili kwa wachungaji kwa sababu moja ya pekee. Uamsho ulipofika Bukoba karibu na mwaka 1940, watu walirudisha majembe na mbuzi walioiba, na ushuhuda huo ulitikisa nchi. Mtwazi aliyerithi batwarwa hakuwa na kitu cha kurudisha kwa kipimo hicho, kwa kuwa hakuiba, alirithi. Toba yetu imekuwa na neno kwa mwizi na haina neno kwa mrithi. Katika Luka 12 Bwana alikataa kufanywa mgawa urithi kati ya ndugu wawili, na wengi wetu tumejificha nyuma ya kukataa huko kila tunapoitwa kwenye kikao cha matanga. Hata hivyo mchungaji huitwa. Yeye ndiye aliye kando ya kitanda wosia unaponenwa, na mara nyingi yeye ndiye ajuaye kuandika vizuri. Tena vitabu vya ubatizo na vya ndoa vilivyo katika ofisi za sharika, vingine vikiwa vya wakati wa Wajerumani, vinaandika mabinti pamoja na ndugu zao wa kiume, kila mmoja kwa jina lake na jina la baba yake.